Koilova za nyuma kwenye BMW E36 na E46: inagonga, inapasua bati, inalala upande

Malalamiko yanafanana. Mtu kavua shokapu na springi za nyuma, kafunga koilova (seti ya shokapu na springi za kurekebishwa kimo), gari limeshuka na limependeza. Baada ya muda nyuma kunaanza kugonga. Anabadilisha maunti (kile kiungo chenye raba kinachofunga shokapu juu kwenye bodi), kelele inatulia, kisha inarudi. Anabadilisha tena. Kwenye maunti ya tatu ndipo mtu anafunua zulia la buti na kukuta bati limechanika. Maunti zote zile hazikuwa na kosa lolote.

Fuata dalili uliyonayo, anza na vipimo vya bure, kisha shuka. Ila sehemu inayofuata isome kwanza hata kama una haraka, kwa sababu nusu ya majibu yote imo humo.

Uzito wa gari umekaa wapi?

Kiwandani, nyuma ya E36 na E46 (matoleo mawili ya BMW 3 Series), springi na shokapu vimekaa mbalimbali. Springi iko upande wa ndani, kati ya mkono unaokwenda gurudumuni na sehemu nene ya chesisi chini ya sakafu. Shokapu imesimama peke yake karibu na gurudumu: chini imefungwa kwa bolti moja kwenye mkono mrefu wa nyuma, juu imefungwa kwa nati mbili za M8 (za bolti ya milimita 8) kwenye bati lililo ndani ya madigadi, ambalo ukifungua buti unaliona pembeni. Bati hilo nitaliita kikombe.

Kikombe hakikutengenezwa kubeba gari. Kazi yake ni kuishika shokapu inapozuia gari lisirukeruke, na kuhimili kigongeo, yaani ule mpira kwenye fimbo ya shokapu, pale gurudumu linapopanda hadi mwisho. Sasa piga hesabu. Gari la kilo 1,400 ambalo nusu ya uzito iko nyuma linaweka karibu kilo 350 kwenye kila tairi la nyuma. Toa uzito wa gurudumu, breki na mikono, zinabaki kama kilo 300 zinazobebwa na springi. Ukifunga koilova yenye springi iliyozunguka shokapu, kilo hizo zote zinahamia kwenye kikombe, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Ukipita tuta kwa kasi, mzigo unazidi mara mbili.

Kwa hiyo ingia chini ya gari uangalie. Kama springi imezunguka shokapu ya nyuma, una koilova kamili na kila kitu hapa chini kinakuhusu. Kama springi bado iko mahali pake pa zamani, na kilichoongezwa ni ringi ya kupandisha na kushusha tu, una koilova ya kutenganisha, na uzito wa gari haukuhama. Seti nyingi zinazouzwa kwa E36 na E46 ni za namna hii ya pili, ingawa kwenye boksi zote zimeandikwa koilova. Mwenye seti ya pili bado anaweza kupasua kikombe, kwa sababu gari lililoshushwa sana linaishi juu ya kigongeo, na kigongeo kinasukuma kikombe kilekile.

Mercedes W124 na W202, pamoja na Golf Mk4 na Mk5, nazo zina springi na shokapu zilizotengana nyuma, kwa hiyo mantiki ni hiihii. Mwenye Subaru Impreza au Mark II aendelee na shughuli zake. Springi zao zilizunguka shokapu tangu kiwandani na bati la juu liliandaliwa kwa kazi hiyo. Porsche 911 za zamani, zile zilizokaa juu ya fimbo za kujipinda badala ya springi hadi 1989, zina ugonjwa huuhuu ukiziondolea fimbo na kuweka koilova. Ndiyo maana anayefanya hivyo kwa umakini huimarisha sehemu za juu za shokapu kabla ya kufunga chochote.

Dalili ya 1: "Inagonga ko-ko nyuma kwenye mashimo madogo"

Anza kwa kutoa vitu kwenye buti. Jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba lisilokazwa, dumu la maji. Sitanii, hili huwarudisha watu wengi nyumbani bila kulipa kitu.

Kisha funua zulia la pembeni la buti mpaka uzione nati mbili za M8. Weka kiganja juu ya nati na bati kwa pamoja, mwenzako aisukume kona ile ya gari chini na kuiachia. Ukisikia mgongano kwenye fimbo ya katikati lakini bati limetulia, tatizo ni maunti au nati. Ukihisi bati lenyewe linapumua chini ya vidole, acha hapa, nenda dalili ya 2.

Kama bati limetulia, sababu huwa hizi, ya kawaida zaidi ikitangulia:

1. Nati ya kati ya fimbo haikukazwa vizuri, au washa iliyopaswa kuwa chini yake ilisahaulika. Hutokea sana pale maunti ya BMW inapofungwa kwenye fimbo ya koilova ya kampuni nyingine. Kipenyo kinapishana kidogo na fimbo inacheza.

2. Raba ya maunti imechanika. Maunti ya asili ya E36 na E46 hufa hata kwenye gari ambalo halijaguswa. Ukiifunga na koilova kamili unaiomba raba ibebe gari, na haitakubali. Koilova kamili inataka maunti yenye gololi ya chuma au raba iliyotengenezwa kwa ajili ya uzito. Gololi nazo zina bei yake: vumbi la barabara ya kifusi huingia, na badala ya ko-ko utaanza kusikia mlio mkavu wa tik-tik. Hizo ni za kubadilisha, grisi haitaziokoa.

3. Springi haijakaa kwenye kiti chake. Gari likiinuliwa na gurudumu kuning'inia, springi fupi huachia na kuchezacheza; ukilishusha inarudi na kupiga. Dawa ni springi ndogo ya kusindikiza, ile nyembamba inayokaa juu ya springi kuu. Kukaza ringi mpaka springi ijae si dawa, kwani kunakuibia mwendo wa shokapu.

4. Viungo vya stabilaiza, ile fimbo inayounganisha kushoto na kulia ili gari lisilale kwenye kona. Fungua vya pande zote mbili, vifunge pembeni kwa waya, zunguka mtaa polepole. Kelele ikipotea, umempata mwizi.

5. Bolti ya chini ya shokapu. Ina dalili yake peke yake hapa chini.

Nati za M8 za juu zinakazwa kwa karibu 24 Nm tu. Fundi mwenye spana ndefu na mkono mzito huzivuta hadi mzizi wa bolti unaanza kukatika, kisha anashangaa mbona zinalegea. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia.

Na hili usilichukulie kirahisi: kwenye shokapu ya asili watu wamezoea kufungua nati ya kati popote pale, maana hakuna springi inayoishikilia. Kwenye koilova kamili nati hiyo ndiyo inayozuia springi isifyatuke. Usiiguse gari likiwa chini, wala springi ikiwa bado imebana. Toa koilova nzima kwanza, legeza ringi hadi springi icheze kwa mkono, ndipo ufungue.

Dalili ya 2: Rangi imepasuka kuzunguka nati, sila imeachana, kuna mstari wa kutu

Hii ndiyo dalili yenyewe. Zilizobaki nyingi ni ndugu zake.

Ili kuelewa unachokiona, kumbuka kwamba kikombe kinasukumwa pande mbili. Uzito wa gari na mapigo ya barabarani hukisukuma kwenda juu, kutoka chini, kupitia uso wa maunti. Gurudumu linapoanguka kwenye shimo, shokapu hukivuta kwenda chini, na hapo mzigo unapita kwenye nati mbili na washa zake ndogo. Bati lililovimba kuelekea ndani ya buti lilisukumwa. Nyufa fupi zinazoanzia kwenye matundu ya nati zilitokana na kuvutwa. Ukiona vyote viwili, gari lina mwendo wa muda mrefu hivyo.

Vipimo, kwa mpangilio:

Safisha eneo kwa brashi ya waya laini na kitambaa chenye tina, juu na chini. Ufa mara nyingi hujificha chini ya sila, kwa hiyo ikwangue sila iliyolegea. Weka rula iliyonyooka juu ya bati kati ya nati mbili, kisha fanya hivyo upande wa pili wa gari na ulinganishe. Halafu toa gurudumu, vaa miwani, angalia kutoka chini kwa tochi: mstari wa kutu wenye rangi ya machungwa unaotoka pale maunti inapogusa bati ni ufa mpaka uthibitike vinginevyo. Kama unataka uhakika, dawa ya rangi nyekundu ya kutafutia nyufa inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea. Unapulizia, unafuta, unapulizia nyeupe, na ufa unajichora wenyewe.

Sasa matengenezo, kulingana na ulichokikuta.

*Bati zima, halijavimba, una koilova ya kutenganisha.* Weka pleti za kuimarisha upande wa buti, kati ya bati na nati. BMW yenyewe ilitengeneza pleti za namna hii, na wenye E36 na E46 wengi hutumia zile zinazojulikana kama pleti za Z3. Ni bei ndogo, hazihitaji kuchomelea, zinagawa mvuto wa nati kwenye eneo kubwa. Badilisha na gasketi iliyo kati ya maunti na bodi. Hapo umemaliza, mradi usiishushe gari mpaka ikakaa juu ya kigongeo.

*Bati zima, lakini una koilova kamili.* Pleti ya juu peke yake haitoshi, kwa sababu inasaidia zaidi pale panapovutwa, na wewe tatizo lako kubwa ni kusukumwa. Unahitaji pleti ya chini pia, yenye uso mkubwa kuliko maunti, na unahitaji kuuunganisha mzigo na kuta zilizosimama. Bati la mlalo likiachwa peke yake hupinda; ukuta wa wima hubeba. Pleti nzuri basi ina mabawa yanayopanda kwenye ukuta wa ndani wa madigadi na kushuka upande wa chesisi. Kama gari ni la mashindano na lina kizimba cha mabomba, mguu wa nyuma wa kizimba ukitua juu ya kikombe ndiyo njia bora kuliko zote.

Fimbo ya kuunganisha vikombe viwili, ile inayopita katikati ya buti na kupendezesha picha, haibebi uzito wa wima. Inazuia vikombe visikaribiane. Ni kitu kizuri kwa kazi yake, ila usiinunue ukidhani umeimarisha kikombe.

*Kuna ufa.* Hapa ni kuchomelea, na kabla ya hapo soma maonyo haya yote:

- Bomba la kujazia petroli kwenye gari hizi linapita upande wa kulia, ndani ya madigadi ya nyuma, jirani kabisa na kikombe. Tangi liko chini ya siti ya nyuma. Anayetaka kuchomelea kikombe cha kulia bila kutoa bomba hilo na kuziba mdomo wa tangi, mwambie aache.
- Betri ya E46, na ya E36 nyingi, iko kwenye buti, kulia. Itoe nje kabisa. Betri hutoa gesi inayowaka. Ikishatoka, subiri robo saa kabla ya kugusa waya wa mfumo wa mifuko ya hewa.
- Toa siti, mazulia, na lami ya kuzuia kelele iliyobandikwa kwenye bati. Lami hiyo huwaka polepole na kufuka upande usiouona. Mtu wa pili akae na kizima moto akiangalia upande wa nyuma wa unapochoma.
- Bati lina zinki. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka jioni. Saga zinki mpaka chuma kionekane, fanya kazi penye hewa, vaa barakoa ya moshi.
- Klempu ya athi (ule mshikio wa waya wa pili wa mashine ya kuchomelea) iwekwe karibu na unapochoma. Ukiibana kwenye diski ya breki, umeme utapita kwenye bearingi.

Kazi yenyewe: toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea. Rudisha bati kwenye umbo lake kwa nyundo na kipande cha chuma cha kukingia upande wa pili kabla ya kuchomelea. Ukichomelea bati lililovimba, umelifunga likiwa limevimba. Chomelea ufa, usawazishe kwa grainda, halafu weka pleti juu. Mashine iwe MIG ya gesi yenye waya wa 0.6 au 0.8. Mashine ya vijiti itatoboa bati jembamba hivi, na gesi ya oksijeni inapasha eneo kubwa mno. Fundi wa mageti anaweza kuwa bingwa wa mageti, lakini kazi hii mpe fundi bodi.

Pleti iwe ya chuma laini, milimita 2 hadi 3. Pembe zote ziwe za mviringo. Toboa matundu ya milimita 8 katikati ya pleti uyajaze kwa kuchomelea, na pembeni chomelea vipande vya sentimita 2 au 3 ukiacha nafasi, ukiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili joto lisikusanyike. Kati ya pleti na bati paka praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea. Ukimaliza: praima, sila kuzunguka pleti nzima, rangi, na nta ya kuzuia kutu ndani ya mifereji. Wanaoishi karibu na bahari, Mombasa, Tanga, Dar, wasiruke hatua hii ya mwisho. Chumvi huingia kati ya pleti na bati na kula kutoka ndani, na utaiona siku imeshatokeza.

Acha kazi na umpe mtaalamu wa chesisi kama ufa umetoka kwenye kikombe na kushuka kwenye sehemu nene ya chesisi, kama ufa unafuata mshono wa kiwandani unaounganisha madigadi na sakafu, au kama rula inaonyesha kikombe kimoja kimepanda kuliko kingine kwa zaidi ya milimita chache. Gari hilo linahitaji kupimwa kwenye benchi kabla ya kuchomelewa chochote. Na lisiendeshwe hata kwenda huko, libebwe.

Dalili ya 3: Upande mmoja umelala

Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya. Tangi liwe katikati, gari kwenye sakafu ya usawa, na ulisukume mbele na nyuma kwanza ili mikono ikae.

Mara nyingi ni ringi ya kufunga iliyolegea na kuzunguka. Hesabu nyuzi zilizoonekana chini ya ringi kila upande. Zikilingana na gari bado limelala, legeza kiungo cha stabilaiza cha upande mmoja: kama gari linasawazika, stabilaiza ilikuwa imefungwa ikiwa imejipinda. Springi mpya nazo hukaa kidogo wiki za mwanzo, ila zikae pande zote sawa.

Zikiwa sawa zote hizo, fungua buti. Kwenye koilova kamili, kikombe kilichopanda milimita 5 kinashusha gari kwa karibu kiasi hichohicho, na hapo kukaza ringi ni kuficha ugonjwa. Rudi dalili ya 2.

Dalili ya 4: Bolti ya chini imepinda, imekatika au inalegea kila mara

Watu huimarisha juu wakasahau chini. Mzigo uliohamia kwenye kikombe umehamia pia kwenye bolti ya chini ya shokapu, na kwenye gari hizi bolti hiyo imeshikwa upande mmoja tu: inapita kwenye jicho la shokapu na kuingia kwenye nyuzi za mkono wa nyuma. Upande wa pili uko hewani. Kwa shokapu tupu inatosha. Kwa gari zima, bolti inapindishwa kila tuta.

Cheki cha kwanza ni kuitoa na kuiviringisha juu ya kioo. Iliyopinda utaiona ikiruka. Ya pili, angalia nyuzi za ndani ya mkono. Zikiwa zimeliwa upande mmoja, bolti imekuwa ikicheza kwa muda.

Sababu ya kawaida ni bushi ya chini ya koilova kuwa nyembamba kuliko ya asili, na fundi akajaza nafasi kwa washa mbili tatu. Kila washa inaisogeza shokapu mbali na mkono, na bolti inapinda zaidi. Tumia kijazio kimoja cha chuma chenye urefu kamili, na upande wa ndani shokapu ikae karibu na mkono kadiri inavyowezekana bila kugusa. Inayofuata ni bolti ya dukani isiyo na alama ya daraja. Nunua yenye 10.9 kichwani. Ya tatu ni kukaza bolti gari likiwa limening'inia kama bushi ni ya raba: gari likishuka, raba inabaki imejipinda na kuisukuma bolti. Kaza magurudumu yakiwa yamebeba uzito.

Kwa koilova kamili kwenye gari la mashindano, tiba ya kweli ni kipande cha kuishika ncha ya pili ya bolti, kinachochomelewa kwenye mkono wa nyuma. Nyuzi za mkono zikishang'oka, usijaze kwa kuchomelea na kutoboa upya ukiwa umechuchumaa chini ya gari. Toa mkono upelekwe kwa fundi wa mashine, au tafuta mwingine.

Dalili ya 5: Ngumu kama mkokoteni, na kwenye tuta inapiga "du!"

Mambo mawili tofauti huunganishwa hapa. Ugumu wa kila wakati unatoka kwenye springi. Pigo la mara moja ni kigongeo.

Kuhusu springi, kosa ni hili: mtu alikuwa na springi ya nyuma ya 100 N/mm kwenye kiti cha ndani, akaagiza koilova kamili zenye ugumu uleule (seti za Kijapani na Kitaiwani huandika 10K, yaani kilo 10 kwa milimita, karibu sawa). Lakini kiti cha ndani kiko mbali na gurudumu. Tuseme gurudumu likipanda milimita 100, springi ya ndani inabana 70, na shokapu inabana 95. Ugumu unaofika tairini ni ugumu wa springi mara uwiano huo, mara uwiano huo tena:

Ndani: 100 × 0.7 × 0.7 = 49 N/mm
Kwenye shokapu: 100 × 0.95 × 0.95 = karibu 90 N/mm

Gari limekuwa gumu karibu mara mbili bila mtu kukusudia. Ili kubaki na 49 tairini, springi ya kwenye shokapu ingetosha kuwa 54 hivi. Pima uwiano wa gari lako mwenyewe: toa springi, inua gurudumu kwa jeki milimita 50 tokea kimo chake cha kawaida, na pima umbali kati ya viti umepungua kiasi gani. Springi iliyo ngumu kupita kiasi ndiyo inayopeleka kila jiwe moja kwa moja kwenye kikombe, kwa hiyo kuibadilisha ni sehemu ya kuimarisha.

Kuhusu pigo: funga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi chini, zunguka njia yako ya kawaida. Ikikutwa imefika kwenye kigongeo, shokapu imekosa mwendo. Pandisha gari. Kama seti yako inapandishwa kwa kuzungusha mwili wa chini badala ya kubana springi, tumia huo. Usikate kigongeo wala usikitoe; bila hicho, chuma kinakutana na chuma na kikombe ndicho kinacholipa. Gari la kupita matuta ya mitaani kila siku halihitaji kulala juu ya tairi, hata picha zikisema nini.

Dalili ya 6: Nilishachomelea pleti, imepasuka tena pembeni yake

Hii inauma kwa sababu pesa imeshatoka. Ufa mpya ukiwa sambamba na ukingo wa pleti, pleti ilikuwa nene mno au ilichomelewa kwa mstari mmoja usiokatika. Bati lenye unene wa karibu milimita 1 likikutana ghafla na pleti ya milimita 5, mpindo wote unahamia kwenye mstari ule. Ufa ukianzia kwenye kona, kona ilikuwa kali. Ukipita katikati ya mshono wenyewe, palichomelewa juu ya rangi au kutu. Mshono umejaa matundu kama sponji.

Kuongeza pleti ya pili juu ya ile iliyoshindwa kunasogeza ufa sentimita chache tu. Saga yote, rudi kwenye bati, na kama bati limepashwa moto mara nyingi hadi limekuwa jembamba, kata kipande hicho na uweke kingine kutoka gari bovu la aina hiyohiyo. Hiyo ni kazi ya fundi bodi mwenye uzoefu wa kubadilisha paneli, si ya jumamosi nyumbani.

Baada ya matengenezo yoyote, paka ukanda mwembamba wa rangi nyeupe juu ya mshono. Ufa kwenye rangi nyeupe unaonekana mapema. Kaza upya nati za juu na bolti ya chini baada ya kilomita mia kadhaa, na funua zulia kila unapobadilisha oili.

Dalili ya 7: Mkia unayumba ukikanyaga au kuachia mafuta

Kikombe hakihusiki hapa. Anza na bushi za mbele za mikono ya nyuma, halafu bushi za sabufremu, ile fremu ndogo ya chini inayobeba difu na mikono ya nyuma. Kwenye E46, hasa za miaka ya mwanzo, angalia sakafu pale sabufremu inapofungwa. Kuchanika kwa bati hilo ni udhaifu unaojulikana wa gari hili, hata lile ambalo halijawahi kuguswa. Ukisikia pigo moja zito chini ya siti ya nyuma kila unapoachia klachi, usiendelee kuliendesha. Sabufremu inabidi ishushwe ndipo sakafu ionekane, na kama utafanya hivyo, mwambie fundi aviangalie vikombe siku hiyohiyo, maana buti na siti vitakuwa vimeshafunuliwa.